Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Mbinu za Utafiti na Stadi za Kazi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wahadhiri na wakufunzi wetu,
Wazazi, ndugu na wenzi mliotusindikiza,
Mabibi na mabwana,

Itifaki imezingatiwa.

Karibu sana. Tunajua msimu huu wa bajeti Dodoma humwachia mtu nafasi ndogo ya kupumua, hivyo kuja kwako tunakuhesabu kuwa heshima kubwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni wanafunzi wa uzamili na uzamivu katika sosholojia, elimu na maendeleo ya jamii. Wengi wetu tulifika ngazi hii hatujawahi kumhoji mtu. Ukubwa wa sampuli, yaani idadi ya watu wa kuhojiwa, tuliupata kwa kanuni ya Yamane, inayoukokotoa kutokana na idadi ya watu wote, tukinakili kutoka tasnifu za waliotutangulia: kijiji cha watu 2,000 kinatoa 333, na nchi nzima yenye watu 61,741,120 kwa Sensa ya 2022 inatoa 400. Hapo tukadhani kazi imekwisha. Katika mafunzo haya ndipo tulipoelezwa kuwa hesabu hiyo inadai watu wachaguliwe kwa bahati nasibu. Ukiwahoji waliokaa karibu na barabara, 333 wako hawakisemei kijiji. Ukumbi ulinyamaza, maana baadhi yetu tulikuwa tumeshawasilisha mapendekezo ya utafiti.

Lakini kilichotufunza zaidi ni mazoezi ya vitendo katika kijiji kimoja wilayani Chamwino. Barua zetu zilipita mkoani, wilayani na kwenye kata, mtendaji akatupokea, na mwenyekiti kwa ukarimu wake akajitolea kutuzungusha nyumba kwa nyumba. Mama mmoja aliyekuwa akipepeta uwele aliulizwa kama huduma ya maji inamridhisha. Akamtazama mwenyekiti, akajibu, "Inaniridhisha sana." Mwenyekiti alipopigiwa simu na kusogea pembeni, mama akatuonesha ndoo zake tupu ukutani, akauliza kama sisi ndio mafundi wa pampu. Kwenye kishikwambi jibu la kwanza lilikuwa limeshaingia.

Jioni ile tulibishana sana juu ya jibu hilo moja. Lifutwe? Liachwe? Tuliafikiana swali liulizwe upya faragha, jibu la awali lihifadhiwe, na iandikwe nani alikuwepo. Kesho yake tulimwomba mwenyekiti atutambulishe kisha atuache. Hakununa hata kidogo. Alisema wageni wote waliotangulia walimtaka akae nao hadi mwisho.

Tumejifunza pia kuomba ridhaa kwa maneno ambayo mzee wa kijijini anayaelewa, na kuondoa majina na namba za simu kwenye taarifa, kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inavyotutaka tuwalinde watu. Ule mtindo wa kurushiana picha za madodoso yaliyojazwa kwenye kundi la WhatsApp umekoma.

Kwa upande wa stadi za kazi, tulipitia wasifu, usaili na bajeti ya andiko la utafiti. Zoezi gumu lilikuwa kuigeuza tasnifu nzima kuwa kurasa mbili ambazo mkurugenzi wa halmashauri atazisoma kabla ya kikao. Tulizoea kuanza na nadharia. Mkufunzi alikata kurasa zetu za mwanzo kwa kalamu nyekundu hadi alipokuta neno "maji".

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto hazikosi. Wasimamizi ni wachache na rasimu hukaa mezani muda mrefu. Programu za takwimu za kulipia hatuziwezi, ndiyo maana tumehamia R, ambayo ni ya bure, ingawa kompyuta za maabara hazitutoshi. Fedha za kwenda uwandani wengi tunazitoa mfukoni, na zinapoisha, sampuli nayo hupungua kimyakimya.

Tunakuomba utusaidie kupata kompyuta, pamoja na usafiri wa kurudisha matokeo Chamwino, kwani tuliwaahidi wanakijiji. Tunaomba vilevile utufungulie milango ya mafunzo kwa vitendo katika idara za mipango za halmashauri. Huko kuna rejista za shule, zahanati na vituo vya maji zilizojaa takwimu zinazosubiri mchambuzi, na sisi tuko tayari kuanza kwa posho ya nauli tu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.