Baliwaini yenu inaharibikia stoo

Sinza,
Dar es Salaam.

Meneja wa Ubora,
Kiwanda cha Bia,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU BALIWAINI YENU ILIYOHARIBIKA KWA JOTO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Baliwaini yenu, ile bia kali ya kimea kingi (barley wine), niliionja kwanza hapo hapo kiwandani, mlipokaribisha wateja. Ni bia nzuri, na nawapongeza. Rangi ya shaba iliyokolea, povu dogo, harufu ya tofi na zabibu kavu, na kilevi cha asilimia 10 kinachopasha kifua polepole bila kuchoma koo. Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, zimekaa nyuma na kimea kimetangulia, kama Waingereza wanavyoipenda. Wamarekani ndio huijaza hopsi mpaka uchungu ukatawala. Nilifurahi mno kuona imepikwa hapa kwetu.

Ndiyo maana niliponunua dukani niliumia. Kizibo kilipotoka tu, nikasikia harufu ya boksi lililolowa maji. Utamu ulibaki peke yake, mzito, umepooza, hauna tofi wala tunda. Nikanunua nyingine Kariakoo, nayo ni yale yale.

Nilimrudia muuzaji wa Sinza. Akanionyesha lebo yenu: "Inazidi kuwa bora kadiri inavyokaa." Kreti zake zimo kwenye stoo ya mabati nyuma ya duka, na joto hili la kaskazi mnalijua. Simlaumu hata kidogo. Amesoma mlichoandika, akakifuata.

Lalamiko langu ni hilo. Baliwaini inakaa, sibishi. Mwaka 1968 kiwanda cha Eldridge Pope cha Dorchester, Uingereza, kilitoa baliwaini iitwayo Thomas Hardy's Ale, na wapenzi wa bia wamekuwa wakiihifadhi miaka mingi kabla ya kuifungua. Lakini bia ya namna hiyo hutunzwa kwenye ghala la chini lenye ubaridi wa nyuzi 12 au 13, na chupa ina mwaka wake, mtu ajue anakunywa ya lini. Wingi wa kilevi hauizuii oksijeni iliyonaswa chini ya kizibo, na joto likipanda oksijeni hiyo huharibu ladha kwa kasi zaidi. Mchana wa Dar msimu huu unapita nyuzi 30, na usiku hakupoi. Kwenye stoo ya mabati, miezi michache tu inatosha kuimaliza bia ambayo ghala la ubaridi lingeitunza kwa miaka.

Nami ningejuaje imekaa muda gani? Nembo ya TBS ipo, stempu ya TRA ipo, lakini tarehe ya kujazwa mmeigonga kwa wino unaofutika chupa ikitoa jasho. Asilimia ya kilevi nayo mmeibana pembeni kwa herufi ndogo, na chupa yenyewe inafanana na ya bia ya kawaida yenye nusu ya ukali huo. Baa moja nilimwona mzee akiiagiza kama bia yake ya kila siku. Nashukuru mpwa wake alikuwepo kumshika mkono kurudi nyumbani. Hilo si jambo dogo.

Nilipowapigia simu, dada aliyepokea alinijibu kwa upole kwamba bia kali ndivyo zilivyo. Hapana. Niliionja ikiwa nzima, najua ilivyo.

Naomba nirudishiwe fedha zangu. Nimeambatanisha risiti za EFD pamoja na chupa moja ambayo sijaifungua, mwionje wenyewe. Kreti zilizoko kwenye stoo za joto zikusanywe kabla hazijamfikia mteja mwingine, na bia hii iuzwe tu kwa wenye friji. Kwenye lebo, ile ahadi ya kukaa iambatane na maneno "Hifadhi kwenye ubaridi, mbali na jua", tarehe iwe ya wino usiofutika, na kilevi kiandikwe kwa tarakimu kubwa. Wahudumu pia waelekezwe. Wanauliza "ya baridi au ya moto?" na hapa hakuna jibu linalofaa: ikipoa kama barafu haitoi harufu, na ya moto ndiyo hiyo iliyoharibika. Itolewe kwenye friji, ikae kidogo kwenye glasi ndipo inywewe.

Nasubiri majibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Nisipoyapata, nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mteja wenu, Sinza.