Kabla ya kununua injini ya MR2

Ndugu Mhariri,

Wanaofufua Toyota MR2 za miaka ya 1990, magari madogo ya spoti yenye injini nyuma ya viti, hapa Goma huanza kwa kuuliza nguvu za farasi za injini ya kubadilishia. Waanze na giaboksi. V6 (injini ya silinda sita katika safu mbili) ya lita 3, 1MZ-FE, iliyokuja kwenye Harrier za mwanzo, hufungwa kwenye giaboksi ya MR2 bila bamba la kuunganishia. Na kwenye mita 1,500 hivi, injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani) hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu, kwa hiyo ujazo huo unahitajika kweli.

Fungueni vifuniko vya valvu kabla ya kulipa. Mkiona tope jeusi, iacheni: injini hii huganda oili ikicheleweshewa sevisi. Badilisheni mkanda wa taimingi, pampu ya maji na plagi injini ikiwa bado nje ya gari, maana safu ya silinda inayoelekea viti haifikiki kirahisi baadaye. Ya Harrier ilitumia gia otomatiki, hivyo kwa giaboksi ya mkono tafuteni flaiwili ya klachi, gurudumu zito ambalo klachi hukaa juu yake.

Rejeta iko mbele, injini nyuma. Mabomba marefu hupita chini ya sakafu. Hewa ikibaki humo, silinda hedi hupinda, nasi tunaziona zikiletwa hivyo. Itoeni kwenye rejeta na kwenye hita pia, kisha washeni mpaka feni izunguke yenyewe.

Mafundi magari, Himbi, Goma