Barua kwa sahibu yangu aliyeiweka nai chini

Sahibu yangu,

Assalaamu alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, na naamini nanyi hamjambo. Nakuandikia hadharani kwa sababu suali uliloniuliza pale barazani halikuwa langu peke yangu. Vijana wa kikundi chetu cha taarab wanaulizwa hilo hilo na wazee wao, na wenzetu kadhaa wameondoka kimya kimya bila ya mtu kuwauliza lolote. Jina lako silitaji. Wewe utajijua.

Ulisema: "Hebu nambie, huu muziki una nini ndani yake?" Hukusema kwa kejeli. Ulisema kama mtu aliyekipenda kitu, akakiacha, na bado anataka kujua amekiacha nini. Mbele ya watu wenye vikombe vya kahawa mikononi lile halikuwa suali la kujibiwa kwa haraka. Najibu sasa, kwa ukweli wote nilio nao. Kukuvuta urudi simo. Uliiweka nai, ile filimbi yako ya mwanzi, chini kwa ajili ya Mola wako, na hapo sina neno.

Nianzie kwenye kazi yenyewe, maana mimi ni mpiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, na ninachokijua kimepitia vidoleni. Unakumbuka masika inavyonitesa. Ile ngozi iliyowambwa chini ya kidaraja inanyonya unyevu, inalegea, kidaraja kinadidimia, na nyuzi zote zinashuka, tena hazishuki sawa. Kanuni yangu ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti. Nauweka ule wa kwanza mahali pake, wa pili naufuatisha, na hapo ndipo pana kazi: nyuzi mbili zikikaribiana bila kufikiana zinazozana, unasikia mawimbi baina yao, uu-uu-uu. Nageuza ufunguo kidogo sana, mawimbi yanapungua mwendo, yanarefuka, yanakwisha. Kisha wa tatu. Zikishapatana zote tatu, sikio halisikii tena nyuzi. Linasikia sauti moja, pana kuliko nyuzi zote tatu.

Hapo bado hatujafika kwenye sauti ya tatu ya Rasti, moja ya makamu zetu, yaani ngazi za sauti. Kinanda cha umeme hakinayo, ukibonyeza kitufe cha chini umeikosa na cha juu umeikosa, yenyewe iko katikati. Vijana siku hizi wana programu ya simu ya kupimia nyuzi, na mimi siikatai, inafupisha kazi. Lakini sauti ile sikuipata kwenye simu hata siku moja. Niliipata kwako. Ulikuwa ukiishika nai pembeni mwa midomo, unaiinamisha kidogo, na ile sauti inatoka chini kidogo ya pale alipoiweka mpiga fidla. Yeye anakusikia, anateleza nusu ya unywele, nami nakigeuza kishikizo changu cha chuma kuwafuata nyote wawili. Tukifika, hakuna aliyesema "hapa." Tulijua tu. Kesho yake ukumbi mwengine, hewa nyengine, tunaitafuta upya.

Nilidhani zamani kuwa maana ya muziki iko hapo, katika kupatana kwetu sisi wapigaji. Watu wengi wanasema hivyo na ni maneno mazuri. Lakini kupatana kwetu ni matayarisho tu. Maana inakuja baadaye, na haiji kwetu.

Unaikumbuka harusi ile tuliyopiga ule wimbo wa jahazi lililokosa upepo? Mtunzi alituambia mwenyewe aliuandika kwa ajili ya mtu aliyekuwa akimdai. Hilo tu, deni. Tulipofika beti ya pili akainuka mama mmoja upande wa kulia, noti kaishika kwa ncha za vidole juu ya kichwa, anakuja kutunza kwa mwendo ule wa polepole, bega moja kwanza, kisha jengine. Anacheka, na wenzake nyuma wanampigia vigelegele. Upande wa pili, kwenye mstari ule ule, akainuka mwengine, mtu mzima, macho yamejaa. Wakakutana mbele ya mwimbaji. Mwimbaji wetu ana akili, hakuuacha mstari uende. Akaurudia, nasi tukamfuata, akaurudia tena. Yule wa kwanza akatoa noti yake akiwatazama watu fulani waliokaa safu ya mbele, na waliotazamwa walielewa. Yule wa pili hakumtazama mtu. Aliiweka noti mkononi mwa mwimbaji, akasimama kidogo, akarudi kukaa na kujifunika uso kwa ncha ya kanga.

Mstari mmoja, sauti moja, wapigaji wale wale. Mmoja amepata ushindi wake na mwengine amepata msiba wake, na hata mmoja wao hakuwa na habari ya deni la mtunzi. Hatukuwauliza, kwani katika taarab huulizi. Wewe ulikuwa unapumua kwenye nai na mimi niliiona mikono yako inatetemeka.

Basi jibu langu ndilo hili: muziki wenyewe hauna kitu ndani yake. Kitu kimo ndani ya anayesikiliza, na muziki unamfikisha alipokiweka. Ndiyo maana bashrafu, ule muziki wa ala wa ufunguzi usio na neno hata moja, inaweza kumtoa mtu machozi kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Takasimu yako ya Bayati, ule upigaji wako wa peke yako wa kubuni papo hapo katika makamu nyengine, ngoma ya dumbaki imenyamaza, tari la rika limenyamaza, ilikuwa haisemi chochote. Ilikuwa inafungua.

Wala hili sikulibuni mimi. Wewe sasa umekaa na vitabu kuliko mimi, na utakuwa umekutana na maneno ya Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika ule mlango wake mrefu wa kusikiliza sauti nzuri. Anaeleza kwamba usikilizaji hauutii moyo kisichokuwemo, bali unakichochea kilichomo. Najua, nawe unajua, kwamba huyo huyo aliweka mipaka, na ala kadhaa za nyuzi na za kupuliza alizikataa kwa kuwa zilikuwa alama ya vikao vya ulevi. Sitaficha nusu ya maneno yake ili nikushinde. Nasema tu kwamba mtu aliyeogopa Mungu kiasi kile aliliona jambo lile lile ambalo sisi tuliliona harusini.

Kuna na hili linalonigusa kila nikilifikiria. Wale wanavyuoni wa Basra wa karne ya 10, waliojiita Ikhwani Safaa, waliandika risala nzima juu ya muziki. Wakataja wanavyoutumia waganga hospitalini kuwapunguzia wagonjwa maumivu, na namna unavyoingia katika ibada, katika vita na katika huzuni. Mwaka 1905 vijana wa Unguja walipoanzisha chama chao cha taarab walikipa jina hilo hilo. Kabla yao muziki huu ulikuwa wa kasri zaidi. Husimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 mpaka 1888, alimpeleka mtu Misri akajifunze kanuni. Sasa fikiria: chombo kilicholetwa kumburudisha mfalme, vijana wa mjini wanakichukua na kukiweka chini ya jina la watu waliotaka kuisafisha nafsi. Nadhani walijua walichokuwa wakikifanya.

Halafu akaja Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, aliyeuza vyungu. Hapa nikae kidogo, kwa sababu wewe uliniambia kwamba nyimbo ni mapenzi tu na upuuzi. Siti aliwaimbia wakubwa, lakini aliwaimbia na watu wa Ng'ambo, upande wa wanyonge wa mji wa Unguja, kwa Kiswahili chao. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurikodi santuri. Katika nyimbo zake imo ile ya mwanamke mgeni, mjamzito, aliyeuawa. Muuaji akatoroka, na wanawake waliosimama mahkamani kutoa ushahidi wakatiwa hatiani wao. Mji mzima ulikuwa unajua kwamba dhulma imepita. Wimbo haukumwambia mtu jambo jipya. Lakini kabla yake kila mmoja alilijua nyumbani kwake, na baada yake walilijua pamoja, na likabaki. Mahkama ile haipo, serikali iliyoiweka haipo, Siti mwenyewe alifariki mwaka 1950, na kile kisa bado tunakijua. Upuuzi hauwezi kazi hiyo.

Sasa nije kwenye upande wako, maana una haki nao. Ikiwa muziki unachochea kilichomo moyoni, basi unachochea na kibaya. Hili silipingi hata kidogo. Tumeshapiga kumbi ambazo wimbo uligeuka kuwa fimbo: mtu ametunza mara tano ili jirani yake aumie, na nje pakawa na ugomvi. Zipo nyimbo zinazotungwa makusudi kwa kazi hiyo, bila fumbo, jina tu ndilo limekosekana. Mimi sizipigi. Nimewaambia wenzangu, na wengine wameudhika, kwamba fumbo linamwachia msikilizaji heshima ya kulifumbua au kuliacha, na tusi halimwachii kitu. Mwimbaji anayemkodolea macho mtu mmoja ukumbini na kumwimbia aibu yake amemnyang'anya kila mwengine wimbo ule. Umekuwa wa mtu mmoja, na wa kumuumiza.

Kwa hiyo naiona kazi yetu kuwa ni amana, sahibu, amana nzito. Tunagusa mahali ambapo watu hawamruhusu hata ndugu kupagusa. Tunapagusa bila kuwajua. Mpigaji anayekwenda jukwaani amelewa, au hakuzikaza nyuzi zake kwa kuwa "watu hawatajua", mimi namwona amekhini. Watu hawajui sauti ya tatu ya Rasti ilitakiwa iwe wapi, lakini ikikosewa mlango haufunguki, nao wanarudi nyumbani wakidhani wao ndio hawakuwa na kitu ndani. Ndiyo sababu nagombana na vinanda vinavyopigwa siku hizi mahali pa kila kitu. Chombo chenyewe hakina kosa, na wapo wanaokirekebisha kikatoa robo sauti. Lakini mtu akikiacha kama kilivyotoka dukani na kuimba Bayati juu yake, anawanyima watu haki yao, nao hawajui wamenyimwa nini.

Kuna jambo moja nimesita kuliandika, na nitaliandika kwa adabu. Siku hizi unaadhini alfajiri, na nyumba yangu haiko mbali. Mimi siiti adhana muziki. Ina hadhi yake na hukumu yake, na simchanganyi mtu. Lakini nakusikia. Unaianza chini, unapanda, na unapofika kwenye "hayya 'ala-l-falah" unaiweka sauti pale pale, katikati, pale ambapo simu haipajui. Sikio hilo ulilifundisha kwa nai, usiku baada ya usiku, ukitusikiliza sisi. Abdul Basit, yule msomaji wa Qur'ani wa Misri, tulikuwa tukimsikiliza pamoja redioni, na wewe ndiye uliyekuwa ukinambia hapa yuko Bayati, hapa amehamia Saba, sikiliza anavyorudi. Hukuwa wakati huo mtu mwengine. Nakuomba usiichome miaka ile yote kwa moto mmoja. Kama kilichokuwemo moyoni mwako kilikuwa ni kumtafuta Mungu, basi nai nayo ilikichochea hicho hicho, na labda ndiyo iliyokufikisha hapo ulipo. Hili nimelishuhudia, kwa sababu nilikaa kiti cha pembeni yako.

Wenzetu wa Maulidi ya Homu, wanaomsifu Mtume kwa kasida na dufu, wanalifahamu hili kuliko mimi. Watazame wanavyopiga magoti safu moja, miili inainuka na kushuka pamoja, dufu linawaongoza na sauti hazina haraka. Hakuna anayeonyesha ufundi wake. Nikitoka kuwasikiliza wao nakuwa sina hamu ya kupiga chochote kwa siku mbili tatu, na nikirudi kwenye kanuni vidole vinakuwa vyepesi. Ningependa siku moja twende pamoja, ukipenda. Pale sidhani kama utakuwa na kizuizi, na kama unacho, nambie tu.

Nina habari moja ya mwisho, na ndani yake mna ombi. Tumepata kijana wa nai. Ametokea skuli ya muziki, pumzi anayo, adabu anayo, ila analazimisha. Anaipuliza sauti ya tatu mpaka inapanda na kumgusa mpiga kinanda. Nimemwambia ainamishe chombo, asikaze midomo, amsikilize mpiga fidla kwanza. Ananielewa kwa akili, lakini mimi si mpulizaji na mdomo wangu hauwezi kumwonyesha. Nai yake imepasuka karibu na tundu la juu, ameifunga uzi na nta, na kupata nyengine kutoka Misri ni gharama. Ile yako ndefu, kama bado iko juu ya kabati na hujaipa mtu, angependa kuinunua. Nilimwambia nitakuuliza, na kwamba ukikataa asivunjike moyo. Ukikubali, usinipe mimi nimpelekee. Mwite nyumbani kwako baada ya Isha, umpe mkononi, na kama nafsi yako itaridhia umwambie neno moja au mawili kuhusu midomo. Anaitikia simu muda wote isipokuwa Jumanne jioni, tunapokuwa na mazoezi.

Wasalimie wote nyumbani, na mama mpe salamu zangu za pekee.

Ni mimi nduguyo,
mpiga kanuni