Kwa Wanangu Mnaoanza Kazi ya Ushauri Nasaha

Wanangu,

Marahaba. Salamu zenu nimezipokea, na swali lenu pia: mteja ahurumiwe kiasi gani ndipo kazi isiharibike? Nionavyo mimi, kazi haiharibiwi na huruma. Inaharibiwa na haja zetu wenyewe: kutaka kushukuriwa, kutaka kuonekana waokozi, au kutaka tusiguswe na lolote. Haja hizo huvunja mipaka kati ya mshauri na mteja, na wakati mwingine hujificha nyuma ya mipaka hiyohiyo.

Chukueni dakika za mwisho za kikao. Dakika 50 zimekwisha, mteja ameshashika kitasa cha mlango, ndipo anapotamka jambo alilolificha kwa miezi. Moyo unakuambia umrudishe kitini. Kama anataja kujiua au kuna mtu yuko hatarini, mrudishe, na saa isubiri. Lakini mara nyingi si hivyo. Mara nyingi ameichagua dakika hiyo kwa sababu mlango uko karibu: amepata ujasiri wa kusema, hajapata bado ujasiri wa kuulizwa. Ukimrudisha, umemvua alichokuwa hajawa tayari kukivua, na umefanya hivyo kwa sababu wewe ndiye usiyeweza kulala bila kujua mengine. Mwambie umesikia, kwamba ni jambo zito, na kwamba mkikutana tena mnaweza kuanzia hapo akipenda. Halafu kweli ukumbuke. Mteja akirudi ukawa umesahau, kumaliza kwako kwa wakati kulikuwa ukatili tu.

Wapo pia wenzenu wanaojivunia ugumu. Mteja analia, wao uso mkavu, wakidhani huo ndio utaalamu. Sigmund Freud, mwanzilishi wa tiba ya uchambuzi wa nafsi, aliyeandika mwaka 1915 kwamba tiba iendeshwe kwa kujinyima, yaani mtaalamu asimtimizie mgonjwa matamanio yake, ndiye huyohuyo aliyeandika katika kumbukumbu zake za mgonjwa mmoja kwamba mgonjwa huyo alikuwa na njaa akalishwa. (Wanafunzi wa wakubwa huwa wakali kuliko wakubwa wenyewe.) Naye mwanasaikolojia Carl Rogers, mwaka 1957, alitaka mtaalamu aihisi dunia ya mteja kana kwamba ni yake, bila kusahau hata kidogo kwamba si yake. Sehemu ya pili ndiyo inayowashinda wengi wenye moyo mwema. Wanabeba huzuni ya mteja hadi nyumbani, kisha wanaanza kumkasirikia kimyakimya kwa kutopona haraka.

Gutheil na Gabbard, madaktari wa akili wa Marekani, walitenganisha mwaka 1993 kuvuka mpaka na kuuvunja. Kumpa pole mteja aliyefiwa, hata kwenda mazishini ikibidi, ni kuvuka kunakoweza kusaidia. Kumkopa fedha ni kuvunja. Katikati pana mambo mengi yenye utata, na huko mimi nina kipimo kimoja: je, ungeweza kuliandika kwenye faili lake kama lilivyotokea? Zawadi ndogo ya kuaga, iandike, maisha yaendelee.

Kuhusu mapenzi na mteja sina mjadala. Na msiniambie tiba imekwisha: kanuni za Chama cha Saikolojia cha Marekani zinakataza kwa angalau miaka 2 baada ya tiba, na hata baada ya hapo mzigo wa kuonyesha kwamba mteja hakutumiwa unabaki kwa mtaalamu.

Mipaka itajwe siku ya kwanza, kwa sauti ya kawaida. Simu unapokea saa ngapi, usiku akizidiwa ampigie nani, siri utaivunja katika hali gani, mkikutana barabarani nani aanze kusalimia (mimi humwachia yeye). Mteja asiujue mpaka kwa kujigonga nao, hasa yule ambaye maishani amefungiwa milango mingi bila maelezo.

Mwisho, nendeni kwa wasimamizi wenu kabla hamjachoka. Najua mnavyofanya: mnapeleka kesi ngumu lakini safi, ile inayowapa sifa. Wiki hii pelekeni ile nyingine, ya mteja mnayemwongezea dakika kumi kila mara, au yule ambaye akikosa kuja mnapumua.

Mzee wenu katika kazi