Barua ya wazi kwa Mjomba wangu fundi boti wa Bukoba: njoo Dar, ila tutafute kwanza pa kupandishia boti

Mjomba shikamoo. Natumaini wewe na Anti na vijana wote wa karakana hamjambo, sisi huku wazima, joto tu ndo linatusumbua.

Mama ameniambia umeshaamua, kwamba mwakani unafunga pale Bukoba unahamishia kazi yote huku Dar, na kwamba nyumbani kuna wanaokuambia umri umeenda tulia ule ndizi zako. Mimi siko upande wao hata kidogo. Nakuandikia wazi hivi, sio kwa simu, kwa sababu najua hauko peke yako, kuna mafundi wa Musoma, wa Ukerewe, wa Kigoma wanaowaza hivohivo na wanaulizana chinichini, basi na wao wasome.

Neno langu ni moja. Njoo, lakini usipakie hata spana kwenye lori mpaka tuwe tumeshapata mahali pa kupandishia boti. Wateja wapo, vifaa vipo, mafundi tutawapata, mahali ndo hakuna. Mji huu unakua kwa kasi ambayo mtu akikaa miezi miwili kijijini akirudi anakuta ghorofa, sensa ya 2012 ilitukuta karibu milioni 4.4, ya 2022 ikatukuta karibu milioni 5.4, na wote hao wanataka kuona bahari dirishani. Pale ambapo zamani mvuvi alivuta mashua yake mchangani akawasha moto akakalafati, yaani akaziba nafasi za mbao, bila kumuuliza mtu, leo kuna ukuta, hoteli, au bango la kiwanja kinauzwa. Kigamboni ndo wengi walikimbilia, lakini tangu daraja la Nyerere lifunguliwe 2016 viwanja vimepanda bei na huko nako kumeanza kubana.

Na usije ukadanganywa na dalali Mjomba. Atakupeleka sehemu nzuri kabisa, mchanga mweupe, mti wa kivuli, atakwambia jenga banda lako hapa hapa maji yanafika mlangoni. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, hivo ukisimika nguzo za chuma na kumwaga zege pale ujue siku yoyote unaweza kuambiwa bomoa na hutakuwa na pa kulalamikia. Alafu bahari yenyewe inakula nchi, Kunduchi miaka mingi sasa ufukwe unamong'onyoka na majengo yameondoka na maji. Ziwani kwetu ulizoea maji yapo pale pale, yanapanda au kushuka kidogo kwa msimu basi. Huku maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kufika kama mita 3 na zaidi, yaani boti uliyoiacha inaelea asubuhi unaikuta mchana imelala ubavu kwenye tope.

Sasa hilo la bamvua wenyeji wameligeuza faida na mimi nalipenda sana. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanajaa sana, unaiingiza boti juu kabisa, unaiegemeza kwa magogo, maji yanapwa inabaki kavu, unaingia chini na brashi na msasa una kama saa 6 mpaka 8 za kazi kutegemea umeiegesha juu kiasi gani, kabla maji hayajarudi. Kupaka rangi ya chini, kubadilisha propela, kuziba ufa mdogo, yote hayo yanafanyika bila winchi wala reli. Lakini siku za maji mafu huwezi, maji hayafiki juu, hivo mteja akikuambia nataka Jumamosi lazima uangalie kwanza mwezi uko wapi. Kazi kubwa za faiba ndo hazifai kufanyiwa pale, zinahitaji wiki na wiki ndefu kwenye banda kavu. Kwa hiyo mpango ninaouona mimi ni vitu viwili, sehemu ndogo ya ufukwe kwa makubaliano na wavuvi na serikali ya mtaa, isiyo na jengo lolote la kudumu, na karakana yenyewe ndani huko, hata kilomita kadhaa kutoka majini, yenye geti pana, na trela ya kuvutia boti. Trela ndo kitu cha kwanza cha kununua Mjomba, kabla ya sofa, kabla ya kila kitu.

Kuhusu joto, najua Anti anafurahi, miguu yake na baridi ya Bukoba haviivani. Na kwa kazi yetu pia ni kweli kuna unafuu, Bukoba mvua ni kama milimita 2,000 kwa mwaka, huku ni karibu nusu ya hapo, hutakuwa tena na zile siku za kukaa mnaangaliana mmefunika boti na turubai mkisubiri mati, zile nguo za nyuzi za faiba, zikauke. Usiku pale unashuka nyuzi 16, 17, resini, ile gundi ya kugandisha mati, inalala kama uji hadi kesho yake mchana. Huku tatizo ni kinyume chake. Januari na Februari mchana ni nyuzi 32 na unyevu juu yake, ukichanganya lita tano kwenye ndoo kama tulivozoea, hujamaliza kupaka mati ya pili resini imeanza kuvuta nyuzi, mara inageuka jeli, mara ndoo inakuwa ya moto huishiki na inatoa moshi. Nimeona fundi mzoefu kabisa, katoka ziwani, anasimama na brashi iliyoganda mkononi haamini.

Na kwa vile wewe ni mtu wa kupima kwa jicho nakusihi kwenye hili ununue mizani. Usipunguze hadena, ile dawa ya kugandishia resini, kupita kiasi ukidhani ndo dawa, watengenezaji wengi wanataka asilimia 1 mpaka 2, ukienda chini ya hapo resini inaganda juujuu lakini ndani haijaiva, boti inatoka inang'aa na miezi michache baadae faiba inaachana matabaka. Dawa ni kuchanganya kidogo kidogo, lita moja au moja na nusu, uimwage kwenye trei pana sio ndoo ndefu maana kwenye ndoo joto linajikusanya, madumu yakae kivulini, na kazi ianze alfajiri. Sisi saa 4 asubuhi tunakuwa tumemaliza kulaza mati, mchana ni kukata, kupiga msasa na injini, jioni ndo tunarudi kwenye resini kama upepo umekuja.

Chumvi sasa. Hapa naomba usome taratibu kwa sababu ndo inayomtofautisha fundi wa ziwa na fundi wa bahari, na wateja wa huku watakupima kwa hilo. Injini ya Ukerewe inamaliza kazi inafungwa inalala. Huku injini ikitoka majini lazima ipitishiwe maji baridi yasiyo na chumvi, inanguruma kwenye pipa au kwa mpira mpaka njia zote za kupozea zisafishike, vinginevyo chumvi inaganda ndani, njia zinaziba, injini inachemka na unaletewa ikiwa imeshakufa. Vile vipande vya madini tunavofunga chini ya injini ili viliwe vyenyewe badala ya mguu wa injini, vya ziwani vya magnesi ukivileta huku vinaisha upesi sana, bahari inataka zinki au aluminiamu. Bolti nazo, ile stenlesi ya kawaida 304 uliyoizoea hapo inaanza kutoa kutu na vitundu, chini ya maji na kwenye deki weka 316. Na waya za umeme zisizo na bati juu ya shaba usiziguse kabisa, zinageuka kijani ndani ya ganda lake na hujui mpaka pampu ya kutoa maji inakataa kuwaka usiku.

Alafu mbao. Ziwani adui wa mbao ni kuoza basi. Baharini kuna minyoo wanaoingia kwenye ubao wakiwa wadogo huwaoni, wanakulia humo humo, nje ubao unaonekana mzima, ukiugonga unalia mtupu. Ndo maana wazee wa huku wana utaratibu wao, chini deheni ya chokaa na mafuta, juu mafuta ya sifa ya papa, chombo kinapandishwa kinasuguliwa kinapakwa upya, na kalafati inakaguliwa mstari kwa mstari. Mjomba wewe ni fundi mkubwa na mimi kila ninachojua kwenye boti nimekipata kwako, lakini ukifika nenda kakae na wale wazee wa Kunduchi, wa Kigamboni, hata Bagamoyo siku moja, wanaotengeneza mashua na ngalawa kwa tezo na keekee. Nenda kama mgeni anayetaka kujifunza. Watakuambia kuhusu mataruma, yaani mbavu za mashua, na mkuku, uti wake wa chini, vitu ambavyo huku kwenye faiba hatujui, na wao wengi wao sasa wanaletewa boti za faiba zilizopasuka na hawana wa kumwelekeza mteja. Kazi ziko hapo katikati, kati yako na wao, mkiheshimiana mtagawana vizuri.

Wateja siwezi kukuandikia sana, utawaona mwenyewe, kuna wavuvi, kuna boti za kupeleka watu visiwa vya Mbudya na Bongoyo kila wikiendi, kuna matajiri wenye boti za kutembelea ambazo zinakaa zimefungwa miezi sita alafu wanataka ziwake leo leo. Hao wa mwisho wanalipa vizuri na ndo wenye hatari. Atakuja Ijumaa jioni, kesho ana wageni, ufa uko chini ya mstari wa maji, anataka upake tu pati na rangi. Wewe ndo uliyenifundisha kwamba boti haitoki mikononi mwa fundi mpaka fundi mwenyewe apande ijaribiwe. Sisi watu wa Bukoba tulizika ndugu zetu Mei 1996 baada ya meli ya MV Bukoba kuzama, hakuna familia pale isiyo na mtu au jirani aliyeondoka siku ile, kwa hiyo hatuna haki ya kuichukulia kazi hii kirahisi kwa sababu mtu ana haraka na ana hela. Huku utashawishiwa sana. Nataka karakana yako ijulikane mji mzima kwa kukataa kazi za hivo.

Kitu kingine kinachoniuma ni hao utakaowaacha. Nimeskia unataka kuuza mashine zote pale, na eneo. Tafadhali fikiria tena. Wavuvi wa dagaa na wa sangara wa visiwani wanakutegemea wewe, ukiondoka wataenda wapi, watapigilia bati na misumari waingie ziwani hivohivo. Yule fundi wako mkuu ameshaiva, muachie eneo na kompresa ya zamani, mkubaliane anakulipa kidogo kidogo kila mwezi au mnagawana, jina la karakana libaki. Kwanza hata kwako ni usalama, mwaka wa kwanza huku ni wa kutoa hela, wenye nyumba wanataka kodi ya miezi 6 au mwaka mzima mkononi, na mapato ya Bukoba yatakushika mkono. Na yule kijana wa injini mlete. Usimpigie simu kumwambia, mkalishe umwambie yeye na mke wake, Dar chumba na nauli vinakula mshahara, hivo mshahara wa Bukoba huku hautamtosha na lazima aujue mpya ni shilingi ngapi kabla hajafunga mizigo.

Makaratasi hayana ugumu sana ila yana foleni. Leseni ya biashara inatolewa na halmashauri, ya Bukoba haitakufanyia kazi huku, utaomba mpya kwenye manispaa tutakayoangukia. TIN ni ile ile lakini TRA lazima wabadilishe anuani. TASAC, wale wa serikali wa usalama wa vyombo vya majini, unawajua tayari, ukaguzi ni wao huku kama huko. NEMC, baraza la mazingira, watataka kujua mabaki ya resini na oili chafu unavipeleka wapi, hilo tulipange mapema tusije tukaonekana tunachafua bahari ya watu.

Muda wa kuja, mimi nasema Juni. Masika huku inakuwa imeisha, joto limepungua, kusi inavuma na boti ndogo nyingi hazitoki sana hivo wenyewe ndo wanazileta kutengenezwa, na Bukoba nako Juni mvua imepungua, lori halitakwama na mashine hazitalowa kwenye hizo kilomita zaidi ya 1,300. Ukija Desemba utakuta kila mwenye boti yuko majini anatafuta hela ya sikukuu, hana muda na wewe, na wewe una kodi ya kulipa.

Kwa hiyo Mjomba naomba mambo matatu kwa sasa. Nitumie urefu na upana wa boti kubwa uliyowahi kuipandisha hapo, nataka nipime geti na barabara za mtaa ninaoufuatilia kule Kigamboni kabla sijamlipa mtu chochote. Niambie kompresa mpya inatumia umeme wa fezi ngapi. Na huyo mnunuzi wa eneo la Bukoba mwambie asubiri mpaka tuongee mimi na wewe na Mama, Jumapili baada ya misa nitapiga.