Risala ya Klabu ya Baiolojia ya Mimea kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Sita, Lushoto, Mkoa wa Tanga

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Mkuu wa shule,
Mwenyekiti na wajumbe wa bodi ya shule,
Walimu, wazazi na walezi wetu,
Wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha Usambara, na tunakupa pole kwa kona za barabara ya kutoka Mombo hadi Soni. Tunatambua kwamba umeyaweka kando majukumu mazito ili uwe nasi, na tunakushukuru kwa dhati.

Mheshimiwa mgeni rasmi, klabu yetu ilianzishwa mwaka 2017 na wanafunzi 11 chini ya mwalimu mmoja wa baiolojia. Leo ina wanachama 46. Mengi yametokea hapo katikati, ila muda tuliopewa ni mfupi, hivyo tunaomba twende moja kwa moja kwenye mafanikio.

Klabu imepiga hatua kubwa ambazo, kwa ufahamu wetu, hazijapigwa na klabu nyingine ya sekondari hapa wilayani. Tumeotesha ngano ya baridi, yaani ile isiyotoa masuke mpaka ipitie baridi, katika vyungu 24. Vyungu 12 tuliviweka kwenye jokofu la jikoni, miche ikiwa na majani mawili, kwa wiki 6 katika nyuzi 4 za Selsiasi. Vingine 12 vilibaki nje. Vilivyopata baridi vilitoa masuke. Vilivyobaki nje vimejaa majani mpaka leo, na utavikuta pale mlangoni pa maabara ukitoka. Aidha, tumeongeza mchana kwa taa hadi ukawa na urefu wa saa 16 kwenye kitalu kimoja cha ngano inayohisi urefu wa mchana, nayo ikawahi kuchanua kuliko ya kitalu cha jirani. Wanachama 19 wanaweza kusoma mpangilio wa DNA ya ngano, yaani maandishi ya urithi wake, kwenye kompyuta na kuonyesha mahali pa kukata ili kuhariri jeni. Haya si mafanikio madogo kwa shule yenye kompyuta 3 zinazofanya kazi.

Mheshimiwa, huenda wapo wazazi wanaojiuliza kwa nini watoto wao wanashughulika na kuchanua kwa ngano. Kabla ya kutoa suke, ngano hupima mambo mawili: kama imepitia baridi ya kutosha, kwa aina zinazoihitaji, na mchana una urefu gani. Sisi tuko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, na hapa mchana mrefu kuliko yote mwakani unauzidi ule mfupi kuliko yote kwa kama nusu saa tu. Ngano iliyozoea kuchanua mchana ukifika urefu wa saa 14 haitauona mchana huo Lushoto, wala Hanang, wala Njombe. Itakawia, itajaza majani, na mvua itakatika kabla punje hazijajaa. Mkulima ataona makapi na kudhani mbegu ilikuwa mbovu, kumbe mbegu ni nzima ila saa yake imewekwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Saa hiyo inaendeshwa na jeni zinazojulikana. VRN1 huamshwa na baridi na kuruhusu kuchanua. VRN2 huzuia kuchanua hadi baridi ipite. PPD1 hupima mchana, na mchana ukitosha huamsha VRN3, ambayo protini yake husafiri kutoka kwenye jani hadi kwenye ncha ya mmea kupeleka habari kwamba wakati umefika. Uhariri wa jeni ni kurekebisha saa hiyo kwa kukata DNA mahali palipochaguliwa, kwa kimeng'enya cha Cas9 kinachoongozwa na kipande cha RNA, molekuli ya jamii ya DNA, chenye herufi 20, yaani vijenzi 20 vinavyosomwa kama herufi. Mahali pa kukata lazima pafuatwe na herufi tatu ambazo mbili za mwisho ni GG, na mkato huangukia herufi 3 kabla ya hapo. Njia hii ilitangazwa mwaka 2012, na mwaka 2020 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi hiyo.

Kwa ngano, ugumu uko kwenye hesabu. Ngano ya mkate ina seti tatu za kromosomu, A, B na D, jumla kromosomu 42, na herufi za DNA zipatazo bilioni 16. Jeni nyingi zina nakala tatu. Ukiharibu nakala moja ya VRN2, nakala nyingine zilizo hai zitaendelea kuzuia, na mmea utakaa vilevile kana kwamba hukufanya kitu. Kwa hiyo mwongozo wa herufi 20 huchaguliwa mahali ambapo nakala zote zinafanana, au miongozo kadhaa hutumika kwa pamoja.

Liko kosa tunalolisikia hata kwa watu waliosoma, nalo ni kudhani kwamba ukitaka ngano iwahi unaikata PPD1 yenyewe. Ukiikata yenyewe unapata ngano inayochelewa, kwa sababu PPD1 ndiyo inayosukuma kuchanua. Kinachotakiwa ni kuondoa kipande kilicho mbele ya jeni, ambacho huifanya ilale mchana unapokuwa mfupi. Asili ilikwishalifanya jambo hilo bila maabara. Aina nyingi za ngano za nchi za joto zimebeba PPD-D1a, aina ya nakala ya PPD1 iliyo kwenye seti ya D, ambayo imepoteza herufi 2,089 mbele ya jeni, kama ilivyochapishwa mwaka 2007. Anayetaka kufanya vivyo hivyo kwenye nakala za A na B hutumia miongozo miwili, mmoja kila upande wa kipande, ili kitoke kizima. Na asipitilize: ngano inayowahi mno hutoa suke fupi lenye vishuke vichache, na faida ya kuukimbia ukame inaliwa na upungufu wa punje.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tungependa tueleweke vizuri. Hatuombi maabara ya kuhariri jeni. Kazi ile huanzia kwenye viinitete vichanga vya milimita 2 hivi, huchukua miezi mingi katika vyombo visivyo na vijidudu, na hapa nchini iko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009. Shule haina kibali wala haikitafuti. Tunachoomba ni uwezo wa kusoma jeni, kwa sababu hapo ndipo kazi yote ya uhariri huhukumiwa. Mmea mchanga uliohaririwa na usiohaririwa hufanana machoni. Baada ya kukata, mtafiti hutafuta pia katika kizazi kinachofuata ile mimea ambayo haina tena jeni ya Cas9, nayo huwa kama mmoja kati ya minne ikiwa jeni hiyo iliingia mahali pamoja tu. Hakuna jicho linaloweza kuuchagua. Anayeuchagua ni kijana aliyefundishwa kutumia PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi mpaka kiweze kuonekana.

Ngano ya dukani ikioteshwa inatosha kufundishia. Unachukua kipande cha jani changa cha sentimita 2, unakisaga, unatoa DNA, unaweka mikrolita 2 kwenye mchanganyiko wa mikrolita 20, na joto la mashine linapanda na kushuka kati ya nyuzi 94, 54 na 72 mara 35. Kwenye jeli, ambamo umeme hutenganisha vipande vya DNA kwa urefu wake, nakala nzima ya PPD-D1 inatoa mstari wa herufi 414, na ile iliyopoteza kipande inatoa mstari wa herufi 288. Vipimo hivyo viwili hufanywa vyote kwa kila mmea, kwa sababu kukosekana kwa mstari si jibu: huenda jeni ni tofauti, na huenda kimeng'enya cha PCR kilikufa. Lazima pawe na mrija mmoja wenye maji badala ya DNA. Mrija huo ukitoa mstari, basi kuna uchafu, na matokeo yote ya siku hiyo yanatupwa. Jani likiwa kuukuu, utelezi wake huzuia kimeng'enya kufanya kazi. Wanachama wetu wanayajua haya yote kwa kusoma. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuona mstari wa jeli kwa macho yake, na wanaohitimu leo wanaondoka bila kuuona.

Mheshimiwa, hapa tunaomba uturuhusu tuseme kwa adabu. Ombi hili si jipya. Miaka mitatu iliyopita lilisomwa mbele ya mgeni rasmi aliyelipokea kwa furaha na kuahidi mashine ndani ya siku 90. Tulipiga makofi, tukaandika barua za kukumbushia 4, na majibu tuliyopata ni kwamba suala linafanyiwa kazi. Mwaka uliofuata mgeni rasmi mwingine aliahidi vifaa vya maabara, na tunamshukuru kwa kuwa kisanduku kilifika. Ndani yake mlikuwa na pipeti 3, yaani vifyonzeo vya kupimia kimiminika, bila ncha hata moja. Pipeti bila ncha haigusi kimiminika chochote. Zimo kabatini zikiwa bado na nailoni yake, na mwalimu mlezi atakuonyesha. Hatumlaumu mtu. Tunachoomba ni kwamba ahadi ya leo isiwe ya waja leo waondoka leo.

Ili kukurahisishia, tumeorodhesha mahitaji kwa bei tulizopewa na wauzaji. Mashine ya PCR ya mirija 16 ni shilingi milioni 3 na laki 2. Chombo cha jeli pamoja na taa ya bluu ni milioni 1 na laki 6. Tumechagua taa ya bluu na rangi yenye hatari ndogo ili wanafunzi wasishike ethidiamu bromaidi, rangi ya DNA inayoshukiwa kudhuru jeni. Friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni milioni 1 na laki 1, na tunasisitiza isiwe ile inayojiyeyusha barafu yenyewe, kwa sababu kila inapoyeyusha joto hupanda na kimeng'enya huharibika polepole. Pipeti nyingine na ncha za zote ni laki 9. Kemikali za kuanzia ni milioni 1 na laki 4. Betri na inveta ni milioni 2 na laki 2. Hizi za mwisho tunaomba zisikatwe kwenye orodha kwa kuonekana ni anasa: kazi moja nzima ya PCR, yaani mizunguko yote 35, huchukua kama saa 2, na umeme ukikatika katikati, mirija yote 16 ni ya kutupa.

Jumla ni shilingi milioni 10 na laki 4. Wazazi wamekwishachanga milioni 1 na laki 2, nazo ziko kwenye akaunti ya shule. Pungufu ni milioni 9 na laki 2. Chumba kipo, kimepakwa rangi, kina meza ya zege, maji na kufuli mbili. Mwalimu mlezi na fundi wa maabara wako tayari kwenda kujifunza matumizi wakati wa likizo ya Juni.

Tunaomba, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba lolote utakaloahidi leo liandikwe kwenye kitabu cha wageni pamoja na tarehe ya utekelezaji na jina la mtu tutakayemfuatilia. Kitabu kiko mezani mbele yako, na kalamu ipo.

Tunakutakia safari njema ya kurudi, na tunaomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Baiolojia ya Mimea