Risala ya Wanafunzi wa Kitanzania kwa Mgeni Rasmi, Bustani ya Beihai, Beijing

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu wetu, wenzetu Wachina mnaosoma Kiswahili, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kukubali kuja kutupokelea wanafunzi wapya. Mwaliko ulipotoka, wapo waliouliza kwa nini tusikae ukumbini kama kawaida. Kwa idhini yako, risala hii ndiyo jibu letu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapa tulipotandika mikeka palikuwa pa wafalme tangu karne ya 12, nasaba ya Jin ilipojenga kasri la mapumziko kando ya ziwa hili. Kublai Khan, mtawala wa Kimongolia, naye akaujenga mji wake mkuu kuyazunguka maji haya. Lipo bado pipa lake la jiwe la jade, la mwaka 1265, lenye uzito wa zaidi ya tani tatu, lililokuwa la kutilia pombe za karamu. Nasaba yake ilipoanguka, pipa likaishia hekaluni, na watawa wa Kitao, dini ya jadi ya Wachina, wakawa wanalowekea achari! Mfalme Qianlong ndiye aliyelikomboa katika karne ya 18, na leo liko pale Tuancheng, ngome ndogo ya mviringo jirani na geti la kusini. Wageni wapya, msiondoke bila kuliona.

Mnara mweupe ulioko kisiwani ni wa mwaka 1651, enzi ya mfalme Shunzhi. Matetemeko ya ardhi ya 1679 na 1730 yaliuharibu, ukajengwa upya.

Karne zote hizo raia wa kawaida aliishia nje ya ukuta. Puyi, mfalme wa mwisho, aliachia kiti Februari 1912, lakini geti halikufunguliwa kesho yake. Watu walisubiri hadi Agosti 1925, na hata hapo waliingia kwa kukata tiketi. Likafungwa tena mwaka 1971, likafunguliwa 1978. Na maziwa mawili ya kusini, yaliyokuwa bustani moja na hili, hadi leo hayako wazi kwa umma: huko ndiko Zhongnanhai, makao ya viongozi wa chama na serikali. Watalii husimuliwa zaidi habari za wafalme. Sisi tunaona habari ya geti ndiyo tamu zaidi.

Mheshimiwa, bustani ina hekta zipatazo 69, zaidi ya nusu yake maji. Ukija asubuhi utawakuta wastaafu wakiimba kwaya, wengine wakiandika herufi sakafuni kwa brashi iliyochovywa maji. Ukichelewa kusoma, jua limeshafuta. Hapo ndipo wengi wetu tulipojifunza Kichina cha mtaani, maana mzee akishaona unatazama, hakuachi mpaka umeshika brashi.

Pamoja na hayo, tunayo changamoto. Wageni wanaotoka nyumbani hupiga picha ya mnara wakaondoka, kwa kuwa hakuna wa kuwasimulia. Kwa kushirikiana na wenzetu Wachina, tumeanza kuandika kijitabu cha Kiswahili cha kumtembeza mgeni humu, kuanzia Tuancheng hadi Ukuta wa Dragoni Tisa. Kazi ya kuandika tunaiweza. Tunachokuomba ni msaada wa gharama za uchapishaji, na neno lako la utangulizi.

Tunaomba kuwasilisha.